Watumishi wa Shule na Chama Chao: Somo kwa Wafanya Kazi wa Migori na Homa Bay

Alfajiri, kabla kengele ya shule haijalia, kuna watu ambao wamekwisha kuanza kazi. Mpishi amechochea kuni chini ya sufuria kubwa ya uji. Bawabu wa usiku anamkabidhi mwenzake wa mchana funguo na kurunzi. Mfagizi anapita darasa kwa darasa, na karani anafungua daftari la karo. Katika shule za bweni za Rongo, Awendo, Oyugis au Mbita, mamia ya watoto hula kwa mikono ya watu hawa na hulala salama kwa macho yao. Hata hivyo shule ikisifiwa kwa matokeo mema ya mtihani, husifiwa walimu na wanafunzi. Ni nadra mpishi kutajwa.

Somo la juma hili lahusu watumishi hao wasio walimu: wapishi, mabawabu, makarani, matarishi, watunza stoo, madereva, matroni na watunza bustani. Lataka kueleza ni nani mwajiri wao, chama chao ni kipi, na sheria yawapa nini. Ni vizuri lisomwe pia na wakuu wa shule, wanabodi na wazazi, maana mtumishi asiyejua haki yake na mwajiri asiyejua wajibu wake mwisho hukutana mahakamani, na gharama hulipwa na shule.

1. Ni nani mwajiri?

Hili ndilo swali la kwanza, na wengi hulikosea. Mwalimu wa shule ya Serikali huajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu, iliyoundwa mwaka 1967. Mwajiri wake ni mmoja kwa nchi nzima. Chama cha kwanza cha walimu wote wa Kenya, yaani KNUT, kilianzishwa mwaka 1957, kikazoea kusemezana na mwajiri huyo mmoja mezani.

Mtumishi asiye mwalimu hayuko hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yaipa Bodi ya Usimamizi ya kila shule kazi ya kuwaajiri na kuwalipa watumishi hao. Kwa hiyo mpishi wa shule moja ya Ndhiwa na mpishi wa shule nyingine iliyo maili mbili tu kutoka hapo wana waajiri wawili mbalimbali, ijapokuwa kazi yao ni ile ile na fedha nyingi za shule zote mbili hutoka katika hazina ile ile.

Katika jambo hili moja zimo taabu nyingi. Mshahara wa mtumishi hutegemea fedha ziingiazo shuleni. Mwaka 2018 Serikali iliweka shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka, na sehemu ya fedha hizo ni ya kuwalipa watumishi; shule za bweni huongezewa na karo ya wazazi. Fedha za Serikali zikichelewa, na wazazi wasipolipa kwa kuwa mvua haikunyesha au omena hawakupatikana ziwani, mkuu wa shule hubaki na sanduku tupu. Mwenye duka la mahindi hudai, fundi wa umeme hudai, na mara nyingi anayeambiwa angoje ni mpishi.

Ubaya wa hali hiyo ulionekana wazi mwaka 2020. Mwezi wa Machi shule zote za Kenya zilifungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Walimu walioajiriwa na Tume waliendelea kupata mishahara. Watumishi wengi walioajiriwa na Bodi walirudishwa nyumbani bila kitu, au wakapewa nusu, ijapokuwa mabawabu waliendelea kulinda majengo matupu usiku kucha.

2. Chama chatoka wapi?

Chama cha wafanya kazi ni muungano wa watu wa kazi moja, au kazi zinazofanana, waliokubaliana kusema kwa sauti moja mbele ya mwajiri. Si chama cha siasa, wala si chama cha kuzikana, ijapokuwa wanachama husaidiana pia katika msiba.

Watu wa Homa Bay na Migori, ambao zamani walikuwa wilaya moja ya South Nyanza, hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Tom Mboya, ambaye nyumbani kwao ni kisiwa cha Rusinga, alizaliwa mwaka 1930 karibu na Thika, ambako baba yake alikuwa msimamizi katika shamba la mkonge. Alijifunza kazi ya ukaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi. Huko aliona ya kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa chini sana kuliko mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Akawakusanya wenzake, na chama chao cha watumishi wa baraza kikageuka kuwa chama kamili cha wafanya kazi. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi, na mwaka 1955 alisaidia kusuluhisha mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa.

Mwaka 1962, alipokuwa Waziri wa Kazi, Serikali, waajiri na wafanya kazi walitia sahihi Mapatano ya Mahusiano Kazini. Katika mapatano hayo waajiri walikubali kuvitambua vyama, na vyama vikakubali kutafuta upatanisho kwanza kabla ya kugoma. Mahakama ya kuamua mashauri ya kazi ilifuata mwaka 1964. Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na kaburi lake liko Rusinga. Lakini njia ile ya kuketi mezani kwanza ndiyo ifuatwayo hata leo.

Chama kinachowaandikisha watumishi wa shule ni KUDHEIHA. Jina lake refu lataja kazi za majumbani, za hoteli, za vyuo na shule, za hospitali na nyingine zilizo karibu nazo. Mtu aweza kushangaa kwa nini mpishi wa shule yuko pamoja na mtumishi wa nyumbani na mhudumu wa hoteli. Sababu ni nyepesi: wote hupika, husafisha, hulinda na huhudumia, na wengi wao hufanya kazi mahali penye watu wachache, ambapo peke yao hawana nguvu. Chama hicho ni mwanachama wa COTU, shirikisho la vyama vya wafanya kazi lililoundwa mwaka 1965. Nchi za jirani zina mpango kama huo: Tanzania kuna CHODAWU kwa watumishi wa mahoteli na majumbani, na Uganda kuna chama cha wafanya kazi wa vyuo na shule kiitwacho NUEI.

3. Namna ya kujiunga

Kifungu cha 41 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema ya kwamba kila mfanya kazi ana haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama, na ya kugoma. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 ndiyo ielezayo utaratibu. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, mtumishi atia sahihi Fomu S. Kwa sahihi hiyo anamruhusu mwajiri kukata ada ya chama katika mshahara wake na kuipeleka katika akaunti ya chama. Hapana mtu awezaye kutiliwa sahihi na mwingine, wala kulazimishwa.

Pili, chama chapeleka fomu hizo kwa mwajiri. Mwajiri ana siku 30 za kuanza kukata ada. Akikata fedha akakaa nazo, amevunja sheria, kwa kuwa fedha hizo si zake.

Tatu, chama chaomba kutambuliwa. Sheria yadai kiwe na zaidi ya nusu ya watumishi wanaostahili kuwa wanachama. Shule yenye watumishi 21 yahitaji wanachama 11. Wakiwa 10, chama chaweza kumsaidia mwanachama mmoja mmoja, lakini hakiwezi kumlazimisha mwajiri kufanya mapatano ya pamoja. Hapo ndipo mtu mmoja tu aliyesitasita huwa na uzito mkubwa.

Kwa kuwa kila Bodi ni mwajiri wake mwenyewe, kazi hii haina budi kufanywa shule kwa shule, kutoka Kehancha mpaka Muhuru, na kutoka Kendu Bay mpaka visiwani. Ndiyo sababu maendeleo huenda polepole, na ndiyo sababu watumishi wa shule ndogo, walio watatu au wanne tu, ndio wenye kusahauliwa.

Wengi huogopa kufukuzwa wakijiunga. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema wazi ya kwamba kuwa mwanachama, au kutaka kuwa mwanachama, si sababu ya haki ya kumwondoa mtu kazini.

4. Sheria yatoa nini, na mapatano yaongeza nini

Sheria huweka sakafu. Mapatano hujenga ukuta juu yake. Mtumishi ambaye shule yake haina mapatano na chama bado analindwa na sakafu hiyo, naye yampasa kuijua:

Apumzike siku moja katika kila siku 7.

Apate likizo ya siku 21 za kazi zenye mshahara kwa kila miezi 12. Likizo ya wanafunzi haihesabiwi yenyewe kuwa likizo ya mtumishi. Aliyeitwa kuja kukata nyasi na kupaka rangi madarasa mwezi wa Agosti alikuwa kazini.

Mwanamke aliyejifungua apate miezi 3 yenye mshahara kamili, na baba wa mtoto majuma 2.

Mgonjwa aliyekwisha kutumika miezi 2 mfululizo apate siku 7 zenye mshahara kamili na siku 7 zenye nusu mshahara katika mwaka, akileta cheti cha daktari.

Aliye na kazi ya miezi 3 au zaidi apewe mkataba wa maandishi, na kila mwezi apewe karatasi ionyeshayo mshahara wake na makato yote.

Aliyeumia kazini, kama mpishi aliyemwagikiwa na uji wa moto, alipwe fidia. Na mwajiri apeleke habari kwa ofisi ya Serikali inayohusika.

Juu ya mshahara, Serikali hutoa amri ya kima cha chini. Amri ya mwaka 2022 ilimwekea mfanya kazi wa kawaida, kama mfagizi, mtunza bustani na mlinzi wa mchana, shilingi 15,201.65 kwa mwezi katika miji mikubwa, shilingi 14,025.40 katika miji iliyokuwa manispaa, na shilingi 8,109.90 mahali pengine, mbali na posho ya nyumba. Tarehe 1 Novemba 2024 viwango viliongezwa kwa asilimia 6. Mtumishi na amwulize Afisa wa Kazi shule yake imo katika fungu lipi, kwa kuwa shule iliyo mjini na shule iliyo shambani haziko sawa.

Mapatano ya pamoja huongeza yale ambayo sheria haikuyataja: nyongeza ya mshahara kila mwaka, posho ya kazi ya usiku, viatu vya mpira vya mpishi, koti la mvua la bawabu, na kiinua mgongo kwa anayestaafu. Yakiisha kutiwa sahihi, huandikishwa mahakamani, na tangu hapo hushika pande zote mbili kama sheria.

5. Mfano wa mpishi

Msomaji na afikiri juu ya mpishi mmoja wa mfano. Ni mjane mwenye watoto wanne. Amepika katika shule ya sekondari kwa miaka 11. Kila Jumamosi hulipwa mkononi, hutia alama katika daftari, na huitwa kibarua. Siku moja muhula unapofunguliwa aambiwa getini: “Mama, usije tena. Shule imepata jiko la gesi, na wapishi wawili wanatosha.”

Mama huyu akirudi nyumbani akanyamaza, atakuwa ametupa vitu vingi. Neno la kibarua halikuwa kweli tena: sheria yasema ya kwamba mtu aliyefanya kazi mfululizo kwa muda wa mwezi au zaidi hawezi kuachishwa kama kibarua wa siku moja. Alistahili kupewa taarifa. Tena, kwa kuwa aliondolewa kwa sababu kazi imepungua, alistahili taarifa ya mwezi mmoja, na Afisa wa Kazi alipaswa kuarifiwa; kama angalikuwa mwanachama, chama chake pia kingalipaswa kuarifiwa. Shule ilipaswa kueleza kwa nini yeye na si mwingine. Na alistahili malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliotumika, yaani siku 165 kwa miaka 11, pamoja na likizo ambazo hakupewa.

Kama angalifukuzwa kwa kosa, mathalani kwa kudaiwa kuiba mafuta ya kupikia, sheria ingalitaka aelezwe kosa kwa lugha anayoifahamu, na asikilizwe akiwa na mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama kazini. Mahakama ikiona ya kwamba ameachishwa bila haki, yaweza kuamuru alipwe mpaka mshahara wa miezi 12.

Lakini ili yote hayo yapatikane, mama huyu ahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni ushahidi. Daftari lile la Jumamosi liko kwa karani, wala yeye hana hata kipande cha karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na miaka ya kazi ni mali. Cha pili ni mwenzi wa kwenda naye. Nauli ya kutoka Migori mpaka Kisumu, ambako mashauri mengi ya kazi ya sehemu hizi yamekuwa yakisikilizwa, yaweza kuwa chakula cha watoto kwa siku kadhaa, na wakili hutaka fedha zaidi. Mwenye chama huandikiwa barua, husindikizwa, na hunenewa. Asiye na chama huenda peke yake, na wengi huchoka njiani.

Tena muda hupita. Malalamiko ya kufukuzwa hupelekwa kwa Afisa wa Kazi katika miezi 3, na kesi ya madai hufunguliwa katika miaka 3. Baada ya hapo mlango hufungwa, hata kama dai lilikuwa la haki.

6. Ugomvi ukitokea

Njia ya sheria ni ndefu, lakini iko wazi. Mtumishi humwambia mwakilishi wao, naye huenda kwa mkuu wa shule. Mambo mengi humalizika hapo kwa maneno ya upole. Yasipomalizika, katibu wa tawi huiandikia Bodi. Bodi ikikataa au ikinyamaza, chama hupeleka shauri kwa Wizara ya Kazi, na mpatanishi hutakiwa kuteuliwa katika siku 21. Mpatanishi akishindwa, shauri laweza kwenda katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, au wafanya kazi waweza kugoma baada ya kutoa taarifa ya siku 7 kwa maandishi.

Mgomo ni haki, lakini ni kama panga ndani ya nyumba: lipo kwa siku ya haja, si la kuchezea. Siku za mgomo mwajiri halazimiki kulipa mshahara. Tena katika shule ya bweni mgomo wa wapishi huwagusa kwanza watoto, ambao si wao waliochelewesha fedha. Kuondoka jikoni ghafula bila taarifa humpa mwajiri sababu ya kumfukuza mtu aliyekuwa na haki, na huwageuza wazazi waliokuwa upande wake.

7. Wajibu wa kila upande

Mwanachama na afanye kazi yake vema, maana mtetezi hupata taabu kumtetea mlevi au bawabu anayelala zamu. Ahudhurie mikutano ya tawi, apige kura, na aulize ada yake imetumikaje. Kiongozi wa chama naye si mfalme. Akikusanya ada bila kufika shuleni hata mara moja kwa mwaka, wanachama wana haki ya kumchagua mwingine.

Mkuu wa shule na Bodi wasikione chama kuwa adui. Chama kinachotambuliwa humpa mwajiri mtu mmoja wa kusema naye badala ya minong'ono ya watu 20. Fedha zikichelewa, ni heri kuwaita watumishi na kuwaonyesha hesabu kuliko kuwajificha. Mtu aweza kuvumilia mshahara uliochelewa akijua sababu; hawezi kuvumilia dharau.

Na mzazi, siku ya mkutano wa shule, baada ya kuuliza habari za mitihani, na aulize swali moja zaidi: “Je, waliompikia mwanangu muhula huu wamelipwa?”

Maswali ya mazungumzo

1. Kwa nini ni vigumu zaidi kwa watumishi wa shule kuliko walimu kuungana katika chama kimoja?

2. Shule ina watumishi 17. Chama chahitaji wanachama wangapi ili kitambuliwe?

3. Bawabu ametumika miaka 6, kisha ameondolewa kwa kuwa shule imepunguza watumishi. Anastahili malipo ya siku ngapi kwa uchache?

4. Mpishi wa mfano angalifanya nini tangu mwaka wake wa kwanza ili ushahidi usimpotee?

Majibu: la pili ni wanachama 9, la tatu ni siku 90. La kwanza na la nne yazungumzwe jioni, baada ya sufuria kuoshwa, na kila mtu aje na karatasi zake za mshahara. Asiye nazo, na aanze kuzidai mwezi huu. Kidole kimoja hakivunji chawa.